Mbegu Yako Ina Wazazi: Elimu ya Urithi wa Mimea na Kazi Zake kwa Watoto Wetu

Kila mwaka, mvua ya kupanda inapokaribia, swali moja husikika katika skimu zote za makazi: "Kwa nini ninunue mbegu tena? Mahindi yangu ya mwaka jana yalikuwa makubwa. Si afadhali nichague yale mazuri niyapande?"

Swali hili ni la haki, maana mbegu ni ghali na fedha haziokotwi njiani. Lakini jibu lake limo ndani ya punje yenyewe. Mkulima akilijua jibu hilo ataelewa mambo mengine pia: jinsi wataalamu wanavyotafuta mahindi yasiyouawa na magonjwa, na kwa nini kazi hiyo inahitaji vijana wa kutoka mashambani mwetu.

Jambo hili lina uzito kwa wakulima wa skimu kuliko wengine. Ekari walizogawiwa wazee baada ya Mpango wa Ekari Milioni kuanza mwaka 1962, leo nyingi zimegawanywa kwa watoto, na pengine kwa wajukuu. Shamba haliwezi kuongezeka. Kinachoweza kuongezeka ni mavuno ya kila ekari, na kazi za ujuzi ambazo watoto wetu wanaweza kuzifanya bila kukata shamba vipande tena.

PUNJE HUBEBA NINI?

Tazama mahindi yanapochanua. Juu ya bua kuna mbelewele, nayo hutoa unga wa manjano uitwao chavua. Huyo ndiye baba. Kwenye hindi changa kuna nywele, na kila unywele umeshikana na mahali pa punje moja. Huyo ndiye mama. Chavua ikiangukia unywele, punje hutungwa. Kwa hiyo kila punje ina baba na mama, na punje za hindi moja zaweza kuwa na baba mbalimbali, kwa sababu chavua huchukuliwa na upepo. Baba wa mahindi yako huenda ni mahindi ya jirani.

Kila mzazi huipa punje nusu ya amri zake. Amri hizo huitwa jeni. Ndizo zinazosema mmea uwe mrefu au mfupi, ukomae mapema au uchelewe, uvumilie ugonjwa au ufe. Mtu wa kwanza kueleza mpango huu vizuri alikuwa mtawa Gregor Mendel, aliyepanda mbaazi za bustani kwa miaka mingi, akahesabu punje zake moja moja, akaandika matokeo mwaka 1866. Wakati ule watu hawakumjali. Leo elimu yote ya urithi imejengwa juu ya hesabu zake.

Siku hizi tunajua kwamba jeni zimeandikwa katika nyuzi nyembamba sana zilizo ndani ya kila chembe ya mmea, nazo huitwa kromosomu. Mahindi yana jozi 10 za nyuzi hizo. Mwaka 2009 wanasayansi walitangaza kwamba wamesoma maandishi ya mahindi karibu yote. Walikuta herufi zaidi ya bilioni 2, na jeni karibu 32,000. Kusoma si sawa na kuelewa. Kazi ya kujua kila jeni hufanya nini bado inaendelea.

KWA NINI HAIBRIDI HAIRUDIWI

Mwaka 1908 huko Marekani, mtaalamu George Shull alieleza jambo la ajabu. Alikuwa amechukua mahindi, akayazuia yasipate chavua ya mimea mingine, kila mmea ukajizalisha wenyewe. Kila kizazi mahindi yalizidi kuwa dhaifu, lakini pia yalizidi kufanana, mpaka akapata koo safi zisizobadilika. Kisha akachanganya ukoo safi mmoja na mwingine. Watoto wao walikuwa na nguvu kuliko wazazi wote wawili. Hiyo ndiyo haibridi.

Hapa Kenya kazi ya kutengeneza mahindi bora ya nyanda za juu ilianza Kitale mwaka 1955. Mtaalamu Michael Harrison na wenzake walitoa aina iitwayo Kitale Synthetic II mwaka 1961. Kisha wakaichanganya na mahindi yaliyoletwa kutoka milima ya Amerika ya Kusini, aina ya Ecuador 573. Watoto wa wazazi hao wawili wakawa H611, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964. Wazee wengi wa skimu waliipanda mara tu walipopata mashamba yao, na wakaona tofauti kwa macho yao.

Sasa lile swali: kwa nini usipande punje za haibridi yako? Haibridi hupata nguvu zake kwa kuwa wazazi wake ni wa koo mbili tofauti. Lakini mahindi yako yakiwa shambani huzaana yenyewe kwa yenyewe, ndugu kwa ndugu. Amri zile huchanganyika ovyo. Mimea mingine hupata kurithi jeni nzuri, na mingine hurithi zile dhaifu kutoka pande zote mbili. Ndiyo maana shamba la namna hiyo huwa na mimea mirefu na mifupi, na hukomaa kwa nyakati mbalimbali.

Hesabu yake ni hii. Tuseme koo mbili safi hutoa magunia 10 kwa ekari, na haibridi yao hutoa 30. Nguvu ya kuchanganya imeongeza magunia 20. Ukipanda punje za haibridi hiyo, nusu ya nyongeza hupotea, nawe huvuna kama 20 tu, hata ukitia mbolea ile ile na kupalilia vile vile. Haibridi nyingine zina wazazi watatu au wanne, nazo hazipotezi nyingi hivyo, lakini zote hupoteza. Kuchagua mahindi makubwa hakuwezi kurudisha nguvu iliyopotea, kwa maana ukubwa wa hindi hauonyeshi amri zilizomo ndani ya punje.

Si mazao yote yaliyo hivyo. Maharagwe na ngano hujizalisha yenyewe, na mkulima aweza kuweka mbegu safi kwa misimu kadhaa akichagua vizuri na kuondoa zenye ugonjwa. Kadhalika ziko aina za mahindi zisizo haibridi, kama Katumani, ambazo mbegu yake yaweza kuwekwa ikiwa shamba liko mbali na mahindi mengine. Uliza bwana shamba ni ipi inayofaa mahali pako.

UGONJWA WA MLN NA DAWA ILIYOMO NDANI YA MBEGU

Mwezi wa Septemba 2011 wakulima wa Bomet waliona mahindi yao yakiwa na mistari ya manjano, kisha yakikauka kuanzia juu kabla ya kuzaa. Magunzi yalikuwa matupu. Huo ulikuwa ugonjwa wa MLN, ambao baadaye ulienea sehemu nyingine za Kenya na nchi jirani. Huletwa na virusi viwili vinavyoshirikiana. Kimoja peke yake hudhuru mmea, lakini viwili pamoja huua. Huchukuliwa na wadudu wadogo, na vingine huweza kufuata mbegu. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayoponya mmea uliokwisha kushikwa.

Basi dawa ilibidi itafutwe ndani ya mbegu yenyewe. Mwaka 2013 KALRO na shirika la CIMMYT walifungua shamba la majaribio Naivasha, ambako mahindi huambukizwa MLN kwa makusudi ili kuona ni yapi yatakayosimama. Aina karibu zote zilizokuwa zikipandwa zilianguka. Lakini chache zilistahimili, na miongoni mwao mlikuwamo koo zilizotoka Thailand, ziitwazo KS23. Wataalamu walipozichunguza waligundua kwamba sehemu kubwa ya nguvu hiyo imo mahali pamoja, katika kromosomu ya sita.

Kujua mahali hapo kulirahisisha kazi. Zamani mtaalamu aliyetaka kuhamisha nguvu kama hiyo katika mahindi yetu alilazimika kuchanganya, kupanda, kuambukiza, na kungoja msimu mzima ili aone mimea gani imekufa. Sasa hukata kipande kidogo cha jani la mche na kukipeleka maabara. Maabara husoma mahali pale pa kromosomu ya sita na kumwambia kama mche umerithi nguvu ya kustahimili au la. Isiyorithi hung'olewa ingali midogo. Aina za mahindi zinazostahimili MLN zimekwisha kutolewa kwa wakulima.

Lakini usisahau kazi yako mwenyewe. Usipande mahindi juu ya mahindi mwaka baada ya mwaka. Badilisha na maharagwe, viazi au mboga, na ung'oe mimea yenye ugonjwa mapema.

KUPATA KOO SAFI UPESI

Tumesema kwamba haibridi huhitaji koo safi. Kwa njia ya zamani, kupata ukoo safi kulichukua misimu sita au zaidi. Kiboko, katika Kaunti ya Makueni, kuna kituo kilichofunguliwa mwaka 2013 ambako kazi hiyo hufanywa kwa misimu miwili au mitatu.

Hutumia mahindi ya namna ya pekee kuwa baba. Baba huyu ana rangi ya zambarau, na tabia yake ni kwamba punje chache za watoto wake hukosa sehemu yake kabisa, zikabaki na amri za mama tu. Rangi ndiyo huzitambulisha. Punje ya kawaida huwa na zambarau juu na pia kwenye kiini. Ile inayotafutwa huwa na zambarau juu, lakini kiini chake ni cheupe. Wafanyakazi huketi mezani na kuzichagua kwa macho na mikono. Kisha miche yake hutiwa dawa inayofanya amri zile za mama zijirudufu, na hivyo kuwa jozi kamili zinazofanana. Mmea huo ni ukoo safi.

Angalia vizuri, ndugu mkulima. Kazi hii yenye elimu kubwa haitegemei madaktari wa sayansi peke yao. Huhitaji pia watu wenye macho makali, mikono mitulivu, na uaminifu wa kuandika kila jambo daftarini.

EPIJENETIKI: ALAMA ZINAZOFUNGA NA KUFUNGUA JENI

Siku hizi utasikia pia neno epijenetiki. Neno ni gumu, lakini jambo lenyewe laweza kuelezwa kwa mahindi.

Umeona mahindi yenye punje za madoadoa. Mwanamke wa Kimarekani, Barbara McClintock, alitumia miaka mingi akichunguza madoa hayo. Aligundua kwamba baadhi ya vipande vya urithi huruka kutoka mahali pamoja hadi pengine katika kromosomu. Kikiruka kikaingia ndani ya jeni ya rangi, rangi hukatika. Kikitoka, rangi hurudi, na punje huwa na doa. Wengi hawakumsadiki. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 81.

Vipande hivyo vikiachwa viruke ovyo vitaharibu mmea. Kwa hiyo mmea huvitia alama ndogo za kuvifunga, kama vile mtu anavyotia kufuli mlangoni. Herufi za urithi hazibadiliki. Kinachobadilika ni kwamba zimefungwa au zimefunguliwa. Elimu ya alama hizo ndiyo epijenetiki.

Alama hizi zaweza kumtia mkulima hasara. Huko Malaysia michikichi bora ilizalishwa maabara kutoka vipande vya mti mmoja, kama migomba ya maabara inayopandwa hapa kwetu. Miche yote ilikuwa na jeni sawasawa na za mama. Lakini miti mingine ilipokua ilitoa matunda yaliyoharibika yasiyo na mafuta ya kutosha, na wenye mashamba waligundua baada ya miaka ya kungoja. Mwaka 2015 wanasayansi wa Malaysia na wenzao walieleza sababu: alama ya kufunga kipande kimoja cha kuruka ilikuwa imefutika maabarani. Sasa huweza kuchunguza jani la mche na kutupa ule mbaya kabla haujapelekwa shambani.

Alama nyingine huwekwa na hali ya hewa. Kabichi nyingi hazitoi maua wala mbegu mpaka zipate baridi kwa wiki nyingi. Mmea una jeni inayozuia maua. Baridi ikiendelea, jeni hiyo hufungwa kidogo kidogo, na ikisha kufungwa hubaki hivyo hata joto likirudi, kana kwamba mmea unakumbuka. Huko Norwich, Uingereza, Caroline Dean alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi katika mmea mdogo wa jamii ya kabichi, na mwaka 2020 alipewa Tuzo ya Wolf ya kilimo. Kumbukumbu hiyo hufutwa mbegu mpya inapotungwa. Kila kabichi huanza upya.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ana maji au dawa ya kuifunza mbegu yako kuvumilia ukame mpaka kizazi cha wajukuu, ishike fedha yako. Mahindi yanayovumilia ukame yamepatikana kwa kuchagua jeni kwa misimu mingi, si kwa kunyunyizwa.

KAZI ZILIZOPO KWA MTOTO WAKO

Kazi ya kutengeneza mbegu haina mwisho, kwa maana magonjwa nayo hubadilika. Kwa miaka mingi ngano ya nchi nyingi ililindwa na jeni moja dhidi ya kutu ya shina. Kisha kutu mpya, Ug99, ikaonekana Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, na jeni hiyo ikashindwa. Tangu 2005 ngano kutoka pande nyingi za dunia huletwa Njoro kujaribiwa, kwa sababu hapa kutu hiyo ipo. Vivyo hivyo, mboga na nafaka zetu wenyewe hazitachunguzwa vizuri na watu wasiozila. Mwaka 2023 wanasayansi wa ILRI, Nairobi, na wenzao walitangaza kwamba wamesoma urithi wa njahi. Kazi hiyo iliongozwa na Waafrika.

Mtoto akitaka kuingia katika kazi hii, milango yake ni hii:

1. Shuleni. Achukue biolojia, kemia na hisabati kwa bidii. Wale wa sekondari ya juu wachague njia ya sayansi. Hisabati isidharauliwe: Mendel alifaulu kwa kuhesabu, na leo urithi husomwa kwa kompyuta.

2. Cheti na diploma. Vyuo vya kilimo na vya ufundi hufundisha kilimo na kazi za maabara. Mwenye cheti aweza kufanya kazi ya kuchavusha mimea kwa mkono, kusimamia viwanja vya majaribio, kufanya kazi maabarani, au kukagua mashamba ya mbegu. Waajiri ni kama KALRO, KEPHIS, na makampuni ya mbegu.

3. Digrii. Egerton, iliyoanza kuwa shule ya kilimo Njoro mwaka 1939, Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete, JKUAT, Kenyatta, na Chuo Kikuu cha Eldoret, vyote hufundisha masomo ya kilimo au bayoteknolojia. Asiye na karo aulize habari za mkopo wa HELB.

4. Elimu ya juu zaidi. Mwenye digrii aweza kuendelea na masomo ya kuzalisha mimea. Nairobi pia kuna Chuo cha Wazalishaji wa Mimea wa Afrika, kilichoanza mwaka 2013 katika kituo cha utafiti wa misitu ya mashambani. Huwafunza wataalamu walio kazini tayari, hasa juu ya mazao ya Kiafrika yaliyosahauliwa.

5. Kompyuta. Kusoma mabilioni ya herufi kunahitaji watu wanaojua kompyuta pamoja na biolojia. Kijana anayependa tarakimu kuliko udongo ana nafasi hapa.

Usiseme kazi hii ni ya watoto wa matajiri. Gebisa Ejeta alizaliwa mwaka 1950 katika kijiji cha Ethiopia, katika nyumba ya chumba kimoja. Shule ilikuwa umbali wa kilometa 20, naye alikwenda kwa miguu Jumapili jioni na kurudi Ijumaa. Akawa mtaalamu wa mtama. Haibridi yake ya mtama ilitolewa Sudan mwaka 1983. Baadaye alipata mtama unaostahimili kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ambalo wakulima wa magharibi ya Kenya wanalijua sana. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

MAMBO YA KUFANYA SASA

Nunua mbegu mapema kwa muuzaji anayejulikana. Kwangua kibandiko kilicho juu ya mfuko na utume tarakimu zake kwa simu, kama ilivyoelezwa hapo, ili ujue kama mbegu ni halali. Weka mfuko mtupu na risiti mpaka uvune. Mbegu ikikosa kuota, huo ndio ushahidi wako.

Chagua aina inayofaa mwinuko wa shamba lako. Mbegu nzuri ya Kitale si nzuri kwa kila mahali.

Mwisho, msimu huu mahindi yatakapochanua, mwite mtoto wako shambani. Mwonyeshe mbelewele na nywele, umwambie kila punje ina baba na mama. Mwache afunike hindi moja changa kwa mfuko wa karatasi kabla nywele hazijatoka, na asiufungue mpaka nywele zikauke. Wakati wa mavuno mlifungue pamoja, mwone hindi lisilopata chavua linavyokuwa. Wataalamu wa Kitale walianza na mifuko kama hiyo.